Malezi ya Mtoto na Jicho la Jirani

Wahenga walinena kwamba mkono mmoja haulei mwana. Katika vijiji vya Nyaishozi, kama kote Karagwe, usemi huo ulikuwa na maana iliyo wazi. Mama alipokwenda kuchuma kahawa, mtoto alibaki kwa jirani, na jirani huyo hakulea kwa siri. Kila aliyepita migombani aliona mtoto amelala wapi, amekula nini, na kama moto wa jikoni uko mbali naye. Hakuna aliyeita hali hiyo ukaguzi, lakini ukaguzi ulikuwapo.

Siku hizi wengi huwapeleka watoto katika vituo vya kulelea watoto mchana na katika madarasa ya awali. Jambo hilo ni jema. Walakini kituo kina ukuta na lango, na jicho la mpita njia halifiki ndani. Ndipo linapozuka swali: je, kumtaka mlezi asajiliwe na kukaguliwa ni kumdharau, na kuvunja desturi yetu ya kuaminiana?

Sisi twasema sivyo. Wazee wetu waliaminiana kwa sababu walionana. Sheria hurudisha jicho lililozuiwa na ukuta. Vituo hivi viliwekewa sheria tangu mwaka 1981, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaagiza visajiliwe na vikaguliwe. Tena inamtaka kila mwanajamii atoe taarifa kwa serikali za mitaa aonapo haki ya mtoto inavunjwa. Huo ndio ujirani ulioandikwa.

Wala hatuzungumzi nadharia tupu. Mwezi Septemba 2020, katika wilaya ya Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, moto uliteketeza bweni la shule ya msingi usiku, na watoto 10 wakapoteza maisha. Mwaka 2023 Serikali ilipiga marufuku huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne pasipo kibali. Tungependa kanuni itangulie msiba.

Yuko atakayesema kwamba kituo cha kijijini ni maskini. Kikibanwa kitafungwa, na mtoto atabaki nyumbani akilelewa na dada yake wa miaka saba. Hoja hiyo ina uzito. Kanuni isiyofuatana na msaada humwadhibu maskini, na mtoto ndiye alipaye. Kwa hiyo mkaguzi na aje na shauri kabla ya adhabu, na kijiji kijitolee kujenga uzio, choo cha watoto na mlango wa pili. Lakini umaskini usigeuzwe kibali cha hatari, maana mtoto wa miaka mitatu hachagui kituo wala hajui pa kulalamika.

Mlezi mwema hapotezi kitu kwa kuonekana. Hatuna budi kumwomba afungue lango, nasi tuingie mara kwa mara, kama majirani walivyofanya zamani.