Mwezi Kwanza, Jamani!

Mirihi ina wapenzi wengi, nami ni mmoja wao. Ila anayeipenda kwa dhati safari ya kwenda huko aanzie Mwezini, tena aanze sasa!

Kumbukeni Apollo 13, safari ya Wamarekani kwenda Mwezini. Aprili 1970, tangi la oksijeni lililipuka chombo kikiwa zaidi ya kilomita 300,000 kutoka Duniani. Wanaanga watatu wakajibana kwenye chombo kidogo cha kutulia Mwezini, na kaboni dioksidi ikaanza kuwazidi. Vichujio vya akiba vilikuwa vya mraba, matundu ya chombo hicho ya duara! Wahandisi wa Houston wakaunda kiungio kwa mifuko ya plastiki, majalada ya vitabu vya maelekezo na selotepu pana, kisha wakawasomea redioni namna ya kukitengeneza, hatua kwa hatua. Kamanda Jim Lovell na wenzake wakafika nyumbani salama siku ya nne baada ya mlipuko.

Haya, ajali hiyo itokee njiani kwenda Mirihi. Unaomba msaada, sauti yako inaweza kuchukua dakika 20 kufika, na jibu dakika 20 nyingine. Kugeuza? Nyumbani ni miezi kadhaa.

Mwezini ni siku tatu. Huko ndiko kwa kukosea, kurekebisha na kukosea tena. Vumbi lake tu ni somo zima: mwaka 1972 wanaanga wa Apollo 17 walikaa siku tatu, likawakwaruza vioo vya kofia, likaganda kwenye mavazi, likamwachia mmoja wao, Harrison Schmitt, mafua. Je, atakayekaa miaka miwili? Na usiku wa huko ni majuma mawili, baridi ikipita nyuzi 100 chini ya sifuri.

Kweli, Mirihi ina hewa, japo hafifu, na siku yake inakaribiana na yetu. Si kila kifaa cha Mwezini kitafaa kule. Sawa. Lakini kuishi mahali pasipo fundi wala duka la vipuri hakusomwi vitabuni.

Wala asikudanganye mtu kwamba haya ni ya wengine. Mwaka uleule wa Apollo 13, tarehe 12 Desemba, setilaiti iitwayo Uhuru ilirushwa kutoka baharini karibu na Malindi, Kenya. Na kazi zijazo ni zetu pia: kuishi karibu na barafu ya ncha ya kusini ya Mwezi kutahitaji watu wa pampu, wa betri, wa kilimo cha ndani, wauguzi pia. Chagua lako, kijana, ukajiandikishe!