Nani amulipe mpiga ngoma?

Zamani katika Bwisha yetu, mtu alipokufa ao mtoto alipopotea, habari ilitembea kwa ngoma, kwa mbiu, ao kwa kijana mwenye miguu myepesi aliyetumwa kilima kwa kilima. Hakuna aliyemuuliza mfiwa: "Uko na feza ngapi?" Lakini tusijidanganye kwamba kazi ile ilikuwa bure. Mjumbe alipofika alipewa kasiksi na viazi, na siku za kulima majirani waliingia katika shamba lake. Hakulipwa na mwenye shida. Alilishwa na kijiji kizima.

Leo kazi ile inafanywa na radio. Sheria ya 22 Juni 1996 juu ya uhuru wa habari ilizipa nafasi radio za watu na za jamii. Bukavu ilikuwa na Radio Maendeleo tangu 1993. Rutshuru ilipata Racou FM. Swali letu ni hili: radio ya namna hiyo ikule nini?

Mkono mtupu haulambwi. Jenereta inataka mafuta, mitambo inaharibika, mwandishi ana watoto. Basi radio inauza: tangazo la kifo, dedikasi, kipindi cha shirika, sifa za mwanasiasa. Tena kuna ile bahasha ambayo mwandishi anapewa na mtu anayemtangaza. Hapo ndipo ubaya unaingia, kwa sababu asiye na feza anakuwa bubu.

Tukumbuke Juni 2022, wakati M23 walipochukua Bunagana. Watu walivuka mpaka kuelekea Kisoro, wengi wakapokelewa Nyakabande. Mama aliyepotelea mtoto njiani, je, ni haki aambiwe kwanza alipe tangazo?

Sisi walimu hatuna ruhusa ya kuwacheka waandishi. Miaka mingi tulikula mchango wa wazazi, na mtoto asiyelipa tulimrudisha nyumbani. Katika shule za msingi za serikali, masomo yalitangazwa kuwa ya bure 2019 tu. Tunajua namna njaa inavyomfanya mtu mwema kufunga mlango.

Kuna tena jambo la muziki. Mzee anayepiga inanga, nani atamnunulia saa moja? Mwenye kuuza bia anataka wimbo unaochezwa kila baa. Jambo hili si la Afrika peke yake. Kule Marekani, katika mji mdogo wa Oxford, Ohio, radio WOXY ilipiga muziki wa rock usiopendwa na wengi. Mwaka 2004 masafa yake yaliuzwa. Ikaendelea katika intaneti, ikanyamaza 2010. Lakini huko Seattle, KEXP inayopiga muziki wa namna hiyo imeendelea kuishi, kwa sehemu kubwa kwa michango ya wasikilizaji wake. Waliopenda wimbo walitia mkono mfukoni.

Wengine watasema: wafazili watatusaidia. Radio Okapi, iliyoanza 25 Februari 2002, ilisimama juu ya feza ya Umoja wa Mataifa na wafazili wengine, na imetufaa sana. Kupokea msaada si zambi. Lakini mgeni ana kwao, na siku moja atarudi.

Wengine tena watasema: "Siye ni maskini." Ni kweli. Hata hivyo, ni nani kati yetu asiyetoa kitu kwenye matanga, kwenye arusi, kanisani? Likelemba tunaijua, salongo tunaijua. Tunaona radio kama kitu cha mwenyewe, ndiyo maana hatuichangii; na kwa sababu hatuichangii, kweli inakuwa ya mwenyewe.

Mchango hautatosha kwa kila kitu. Mchuuzi aendelee kulipia biashara yake. Lakini tangazo la kifo na la mtoto aliyepotea lisiuzwe. Saa moja kwa juma iwe ya nyimbo za wazee, bila bei. Hesabu isomwe hewani, kila mtu asikie. Na aliyechangia asidai kusifiwa, kwa maana wazee wetu walimlisha mjumbe bila kumwambia aseme nini.

Ngoma ya kijiji ilikuwa ya kijiji kwa sababu kijiji kilimlisha mpigaji. Tukiacha kumlisha, tusishangae akipiga kwa ajili ya mwingine.