Kete na Mwenye Kuicheza

Nduguti ni makao makuu ya Wilaya ya Mkalama, wilaya iliyomegwa kutoka Iramba mwaka 2012. Wageni huufahamu mji wetu kwa alizeti na vitunguu. Sisi wenyeji tunaufahamu pia kwa vivuli vyake, kwa maana chini ya mti wenye kivuli cha kutosha hukosi kuwakuta watu wawili wameinama juu ya bao au drafti, na wengine sita au saba wamewazunguka wakitoa ushauri ambao hakuna aliyewaomba. Katika makala hii tunakusudia kulitazama swali moja lililozuka chini ya kivuli cha namna hiyo. Mtu achezaye mchezo wa mbinu, ambaye kazi yake ni kuamua nani aende mbele na nani aachwe aliwe, hujifunza nini juu ya binadamu wenzake?

Swali lenyewe lilizuka hivi. Kijana wa ukoo wetu, mwanafunzi wa chuo aliyekuwa likizoni, alikuja na kompyuta yake ndogo akaketi kando yetu. Alikuwa akicheza mchezo wa video uitwao XCOM, katika toleo la mwaka 2012. Mchezaji hufanywa jemadari wa kikosi kidogo, askari wanne hadi sita, wanaopigana na wavamizi waliotoka nje ya dunia. Hucheza kwa zamu, kama bao: upande huu husogeza watu wake, kisha upande ule. Kila askari ana jina, ana nchi yake, ana cheo kinachopanda kadiri anavyonusurika. Akiuawa, basi, harudi tena, na jina lake huandikwa mahali pa kumbukumbu pamoja na waliomtangulia. Mchezaji ana ruhusa ya kuwabadili askari majina, na kijana wetu alikuwa amewapa majina ya jamaa zake. Mmoja alikuwa na jina letu.

Siku ya tatu alituamkia kwa unyonge kidogo. "Shikamoo, Babu. Jana usiku umekufa."

Tulicheka sana, na wenzetu wa kijiweni wakacheka zaidi. Kisha tukamwuliza imekuwaje. Akajibu, "Ilibidi mmoja abaki nyuma awazuie maadui ili wengine wapate kuondoka. Wewe ndiye uliyekuwa karibu na mlango." Hapo tuligundua kwamba hatucheki tena kama mwanzo.

Mwaka 1962, nchi yetu ilipokuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alianzisha Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Tangu wakati huo mengi yameandikwa juu ya ngoma, mavazi, lugha na methali. Michezo ya kufikiri imesahauliwa kidogo, ingawa Mwalimu mwenyewe alikuwa mpenzi wa bao. Labda ni kwa sababu mchezo huonekana kuwa kitu cha kupotezea wakati, nacho kitu cha kupotezea wakati hakidhaniwi kuwa na mafundisho. Sisi tunaona kinyume chake. Mtu hujifunza kwa bidii zaidi pale ambapo hadhani kwamba anafundishwa.

Tuanze na bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne, na kete 64, ambazo kwa desturi ya pwani ni komwe. Sisi huku bara hatuna shida. Kokoto na mashimo ya ardhini yanatosha. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Kwanza hunamua, yaani huingiza kete moja moja kutoka mkononi, na zikiisha huingia katika mtaji. Aliyeweza kula hana hiari, lazima ale. Safu ya nyuma hailiwi. Aliyemalizika safu ya mbele ameshindwa. Kuna shimo moja la kila upande liitwalo nyumba, lenye heshima na sheria zake, ambalo likishavunjwa halipati tena hadhi ile. Kuna wachezaji ambao huweza kuona mapema kete ya mwisho italala wapi baada ya mizunguko mingi, na Wazungu wamekuja hadi Zanzibar kuchunguza jinsi akili za mafundi hao zinavyofanya kazi. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alilitungia bao shairi. Kwa hiyo hatuzungumzii jambo la jana.

Lakini kinachotuhusu hapa ni hiki: katika bao hakuna kete inayokufa. Ukila shimo la mwenzako, huzichukui kete zile ukaziweka kando. Unazipanda katika mashimo yako mwenyewe, kuanzia kichwani, nazo papo hapo zinakuwa zako na kukupigania. Kete zilikuwa 64 mchezo ulipoanza na zitakuwa 64 utakapokwisha. Aliyekuwa adui asubuhi ni mtu wa nyumbani mchana, na jioni huenda akarudi kwao. Linganisha na drafti, ambayo vijana wetu huicheza kwa vifuniko vya soda. Humo kilicholiwa kimetoka, na ubao huzidi kuwa mtupu kadiri mchezo unavyoendelea, mpaka mshindi anabaki kutawala miraba isiyo na watu. Sataranji ni vivyo hivyo. Waprusi waliendeleza zaidi njia hiyo: mwaka 1824 ofisa wao mmoja, von Reisswitz, alionyesha wakubwa wa jeshi mchezo wa vita unaochezwa juu ya ramani, vipande vidogo vikisimama badala ya vikosi, na hasara zikihesabiwa kwa dadu. Maofisa wakafundishwa kwa mchezo ule. Michezo ya mbinu iliyomo katika kompyuta za leo ni vitukuu vyake. Nasi tuliotembelea mabaki ya boma la Wajerumani pale Mkalama hatuwezi kusema kwamba mafunzo ya meza zile yaliishia Ulaya.

Kwa miaka mingi tulitosheka na hoja hiyo, tukawa tunaisema kwa majivuno: mchezo wao huua, mchezo wetu hupanda. Ni hoja tamu. Yafaa tuipime kabla ya kuimeza.

Kwani kumteka mtu na kumfanya wako ni wema? Karne ya 19 barabara za misafara zilikatiza nchi hii ya kati, na watemi wenye nguvu walikuza himaya zao kwa njia hiyo hiyo ya bao. Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884, alikuwa na rugaruga wake, na miongoni mwao walikuwamo vijana waliotekwa vitani. Aliyetekwa alipewa silaha akaenda kuwapiga wengine. Kete haikufa, ni kweli. Lakini hakuna aliyeiuliza kama inataka kupandwa katika shimo lile. Kwa hiyo bao nalo lina damu yake, ingawa imekauka na kuwa komwe laini mkononi. Tofauti ya michezo hii basi haiko katika kwamba mmoja una huruma na mwingine hauna. Drafti husema adui ni wa kuondolewa. Bao husema adui ni wa kutumiwa. Yote mawili ni maneno ya mtu aliyesimama juu ya ubao.

Hapo kijana wetu alipata nafasi ya kuingia, naye hakuiacha. Alidai kwamba mchezo wake unazidi bao na drafti kwa jambo moja: kete zake zina majina. "Ninyi, Babu," alisema, "mnapoteza kete 12 kwa mkupuo mmoja na kucheka. Mimi nikipoteza mtu mmoja silali." Akatueleza kwamba iko namna ya kuucheza mchezo ule ambayo haimruhusu mchezaji kurudi nyuma akafuta kosa lake, akikosea amekosea, na maiti iliyoanguka imeanguka. Yeye hucheza namna hiyo, kwa sababu, alivyosema, anayeweza kufufua hana sababu ya kufikiri. Tulikubaliana naye kwa haraka katika hili, maana kijiweni petu kete iliyokwisha kuachwa shimoni hairudishwi mkononi, na ugomvi mwingi tuliowahi kuamua ulitokana na watu waliotaka kurudisha.

Je, kulijua jina kunatosha? Tunaoandika haya tulikuwa watoto wakati wa Operesheni Vijiji. Mnamo Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na katika miaka iliyofuata mamilioni ya wananchi walihamishwa. Shabaha ilikuwa njema, na hatutaki kuisahau: shule, zahanati na maji haviwezi kufikishwa kwa kaya iliyo peke yake katikati ya pori. Shule tuliyosomea tuliipata kwa njia hiyo. Lakini tunakumbuka pia bwana mmoja aliyekuja na karatasi yenye mistari iliyonyooka, akaitandaza juu ya kiti, akaweka kidole hapa na pale. Kidole kilipotua, nyumba ilikuwa imehama. Kilitua juu ya nyumba ya bibi yetu, mzaa baba, aliyekuwa na mti wake, na kaburi la mumewe, na sehemu ya mtama iliyokuwa bado haijavunwa. Bwana yule hakuwa mkatili. Alisema kwa adabu, tena alimwamkia. Na jina la bibi alilijua, maana lilikuwa limeandikwa katika orodha yake.

Ndiyo sababu hatuwezi kumkubalia kijana moja kwa moja. Jina laweza kuandikwa katika orodha, au katika ukuta wa kumbukumbu, na mwenye jina asisikilizwe. Tulimwambia: wewe ulituweka mlangoni bila kutuuliza, ungetuuliza, pengine tungekubali kubaki. Mzee wa miaka yetu aliye karibu na mlango, vijana wakiwa nyuma yake, angejua la kufanya. Ila tungependa kuulizwa.

Akanyamaza kidogo, kisha akatuuliza jambo ambalo hadi sasa linatusumbua. "Lakini Babu, adui yuko mita kumi. Nani ana muda wa kuuliza?"

Hili ndilo fundo lenyewe, na tusijifanye tumelifungua. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera, hakuna aliyeitisha mkutano wa hadhara kuuliza ni kikosi gani kingependa kutangulia. Kuna saa ambayo jemadari hana budi kuwa mchezaji na wenzake hawana budi kuwa kete. Tunachokishuku ni mazoea. Anayecheza sana huanza kuona kila saa kuwa ni saa ile: adui yuko mita kumi asubuhi, mchana na jioni, hata penye suala la kupanga njia ya mfereji au kuhamisha mnada. Viongozi wa namna hiyo tumewaona katika ngazi ya kijiji, na baadhi yao hawakuwahi kugusa bao wala kompyuta. Kwa hiyo tusiutwishe mchezo lawama yote.

Tungependa hapa kuwataja majirani zetu Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, ambao baadhi yao wamo katika wilaya yetu hii. Wanaume wao wana mchezo wa bahati uitwao lukuchuko. Hurusha vipande vya magome ya mti na kutazama vinavyoanguka, wakiwekeana mishale ya sumu, visu na shanga. Upinde hauwekwi rehani, wala mishale ya kuwindia ndege, wala mkoba wa ngozi, maana bila hivyo mtu hali. Mwingereza James Woodburn, aliyeanza kuishi nao mwaka 1958, aliandika mwaka 1982 kwamba mchezo ule huzungusha mali na kuzuia mtu mmoja asijilimbikizie. Wengine huuona kuwa kamari tu. Sisi tunaona jambo la ajabu: mchezo usio na jemadari kabisa. Hakuna anayemsogeza mwenzake. Kinachosogea ni vitu, na vile vya lazima kwa uhai vimewekewa mpaka. Hatusemi taifa liendeshwe kwa lukuchuko. Ila hatujui mchezo mwingine wowote katika nchi hii uliokwisha amua, kabla haujaanza, ni kitu gani kisichochezewa.

Kuna neno lingine ambalo wanaume wenzetu hawatalipenda. Wakati sisi tunajadili haki za kete, wake zetu na binti zetu hupita karibu na kijiwe na ndoo za maji. Mmoja aliyatega sikio mabishano haya, akatua ndoo yake, akasema kwamba anashangaa watu wazima kuona huruma kwa kokoto. Akajitwika tena akaenda. Hakuna aliyekuwa na jibu, na zamu ilikuwa ya mpinzani wetu.

Kijana alirudi chuoni wiki iliyofuata. Kabla ya kuondoka tulimfundisha kunamua, naye alipoteza nyumba yake mapema, kama wote wanaoanza, kwa sababu aliogopa kuisafirisha mpaka ikaliwa. Yeye naye alituonyesha kikosi chake kipya. Tulikuwamo tena, kwa jina lile lile, tukiwa na cheo cha chini kabisa. Tulimwambia atuweke mbali na mlango. Akacheka, akasema ataangalia hali itakavyokuwa.