Haki Haiombwi

Kila mwanamke anapouawa, kuna sentensi moja ambayo lazima utaisikia kwenye taarifa ya habari: "Sisi kama familia tunaomba haki." Huisemwa na mjomba, maikrofoni zimemjaa mdomoni, na nyuma yake akina mama wanalia. Sentensi hiyo hunikwama kooni. Kwani tunaomba nini? Mtu huomba msamaha, au huomba chumvi kwa jirani. Mwenye deni lako humwombi, unamdai.

Mimi naishi Lurambi, karibu na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Wasichana wa hosteli huku wana utaratibu wao. Ukipanda boda usiku, unamtumia rafiki namba ya pikipiki, na ukifika unamwandikia "nimefika". Waulize kama polisi wangewatafuta wasipofika, watacheka tu. Hicho kicheko ndicho kinanisumbua. Ni kicheko cha mtu aliyeshasamehe deni kabla hajadai.

Na ni deni kweli. Zamani ukoo wa marehemu ungemtafuta muuaji wenyewe, na pengine ungemwangukia asiye na hatia. Serikali ikasema, tuachieni sisi. Tukaweka rungu chini. Leo ukimgusa mshukiwa, wewe ndiye utafungwa, na ni sawa. Lakini aliyechukua rungu alichukua na kazi yake: kutafuta ukweli kwa niaba yetu. Asipoifanya, watu hurudia tairi na petroli, na anayechomwa ni yule aliyepatikana karibu.

Kuna watakaosema haki ni ya wenye pesa, tuzoee. Basi tumwangalie mwenye pesa. Julie Ward, Mwingereza wa miaka 28 aliyependa kupiga picha za wanyama, alitoweka Maasai Mara Septemba 1988. Siku chache baadaye mabaki yake yaliyochomwa yakapatikana. Wakubwa wakasema ameliwa na wanyama. Daktari aliyeyapima alikuwa ameandika kwamba yalikatwa kwa kitu chenye makali, na ripoti yake ikabadilishwa. Baba yake, John Ward, mfanyabiashara wa hoteli, akakataa kudanganywa. Alikuja Kenya zaidi ya mara 100 na kutumia karibu pauni milioni 2. Walinzi wawili wa mbuga wakashtakiwa, wakaachiliwa 1992. Mkuu wa walinzi akashtakiwa, naye akaachiliwa 1999. Mzee Ward alifariki 2023, na hadi leo hakuna aliyehukumiwa.

Pesa zake zilinunua tiketi, mawakili na wataalamu. Hazingeweza kununua kile ambacho wiki ya kwanza kilihitaji uaminifu tu: kulinda mahali pa tukio, kuandika kilichoonekana, kuacha ripoti ya daktari jinsi ilivyo.

Sasa mfikirie asiye na baba wa namna hiyo. Agnes Wanjiru, miaka 21, mama wa mtoto mchanga, alipotea Nanyuki mwaka 2012. Mwili wake ulipatikana kwenye tangi la maji taka la hoteli. Mwaka 2019 hakimu akaamua kwamba aliuawa na wanajeshi wa Uingereza. Hati ya kumkamata mshukiwa mmoja ilitolewa na Mahakama Kuu ya Nairobi Septemba 2025. Hesabu miaka: 13. Yule mtoto mchanga ameshabalehe.

Kuna hoja moja siwezi kuiruka. Polisi si waganga. Kuna muuaji ambaye hatapatikana hata akitafutwa na watu waaminifu. Nakubali. Ndiyo maana sidhani deni ni kumpata muuaji. Deni ni kumtafuta kwa kweli, na kuiambia familia kilichofanywa na kilichoshindikana. Askari akisema, "Tulifanya hivi na hivi, tumekwama hapa," atakuwa amelipa sehemu kubwa. Akisema, "Gari halina mafuta, rudi wiki ijayo," hajalipa hata senti.

Na usiniambie maiti hadai. Binti yake anadai. Wale wasichana wa boda wanadai pia, hata kama wanacheka, maana kila faili inayozeeka kabatini inamfundisha mtu fulani kwamba anaweza kuua na asubuhi akanywa chai.

Kwa hivyo, yakitufika, tubadilishe kitenzi. Tudai namba ya OB. Tudai jina la mpelelezi aliyepewa faili. Mwezi ukipita kimya, turudi tuulize kimefanywa nini. Wakisema hakuna mshukiwa, tudai hakimu afanye uchunguzi wa kifo hadharani, maana sheria inaruhusu. Wahenga walishasema dawa ya deni ni kulipa. Lakini nani hulipa deni ambalo mwenyewe anakuja kuliomba kwa magoti?