Miaka ya Kazi ni Mali ya Nani?

Reli itokayo Nakuru kwenda Eldoret hupanda kwa jitihada kubwa mpaka Timboroa, mahali palipoinuka juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 2,700. Ikweta hupita karibu na hapo, lakini baridi yake humfanya mgeni atafute koti hata adhuhuri. Fikiri juu ya treni nzito ipandayo mlima huo. Mabehewa yote yamefungwa pamoja, yote huvutwa na injini moja, na yote yanakwenda mahali pamoja. Lakini mzigo ukishinda nguvu ya injini, yatakayofunguliwa kwanza ni yale ya mkiani. Basi kwa behewa, haitoshi kujua kuwa limefungwa katika treni. Yapasa kujua limefungwa mahali gani.

Nimeanza na treni, ingawa nia yangu ni kusema habari za ndege, kwa sababu mfano huo utatusaidia kulipima jambo moja la haki. Jambo lenyewe ni hili: mashirika mawili ya ndege yanapoungana kuwa moja, miaka ambayo wafanyakazi walitumikia mashirika yao ya kwanza ihesabiwe namna gani?

Watazame wahudumu wa ndege. Sisi huwaona wakigawa chakula na kuonyesha namna ya kufunga mkanda, lakini wajibu wao wa kwanza ni usalama: ndege ikipatwa na msiba, wao ndio wawatoao abiria nje. Katika mashirika mengi makubwa, hasa ya Marekani, maisha yao hutawaliwa na orodha ya ukongwe kazini, ambayo katika ofisi za Tanzania huitwa tange. Aliyeajiriwa zamani huandikwa juu, na aliyeajiriwa jana huandikwa chini. Wa juu huchagua kwanza safari zake na siku zake za mapumziko. Wa chini huchukua yaliyobaki, na aghalabu yaliyobaki ni safari za usiku, na sikukuu zinazomkuta mbali na watoto wake. Kazi zikipungua, wa chini hutangulia kuondoka. Zikirudi, huitwa mwisho. Kwa hiyo nafasi katika orodha hiyo si heshima tupu. Ni usingizi, ni malezi ya watoto, na ni mkate wa kesho.

Sasa sikia yaliyotokea. Mwaka 2001 shirika la American Airlines lilinunua mali ya TWA, shirika kongwe lililokuwa limefilisika. Ndege zilichukuliwa, na wahudumu walichukuliwa pia. Lakini katika orodha ya ukongwe wahudumu wa TWA waliwekwa chini ya wahudumu wote wa American. Aliyekuwa ametumika miaka thelathini alijikuta nyuma ya kijana aliyeajiriwa mwaka uliotangulia. Mwezi wa Septemba mwaka huohuo Marekani ilishambuliwa, abiria wakapungua, na wahudumu wakaanza kupunguzwa kuanzia chini. Kufikia Julai 2003 wahudumu wote waliotoka TWA walikuwa wameachishwa kazi. Behewa lilikuwa limefungwa katika treni, lakini mkiani.

Usidhani kuwa haya ni mambo ya ng'ambo tu. Shirika la ndege la East African Airways, lililoanza mwaka 1946, lilikuwa mali ya nchi zetu kwa pamoja. Mwaka 1977 lilikufa, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Kenya Airways na Air Tanzania yalizaliwa mwaka huohuo. Hapo nyumba hazikuungana, bali nyumba moja iligawanyika; lakini swali lilikuwa lilelile: ni nani atakayeihesabu miaka ya mtumishi ikiwa nyumba aliyoitumikia haipo tena? Mkataba wa kugawana mali na madeni ulitiwa sahihi mwaka 1984, na kila nchi ilikubali kuwalipa raia wake haki zao. Hata hivyo, nchini Tanzania wazee waliokuwa watumishi wa Jumuiya walikuwa wangali wakidai mahakamani baada ya mwaka 2000.

Pengine utasema, "Mwenye nyumba iliyonusurika ana haki ya kuwatanguliza watu wake." Hoja hii si ya kudharauliwa. Mfikirie mhudumu wa shirika lenye nguvu aliyevumilia miaka kumi akingoja nafasi ya kuchagua safari njema. Siku moja anaambiwa kuwa wageni mia wenye miaka kumi na mitano wamesimama mbele yake. Yeye hakulifilisi shirika lao. Kwa nini alipe deni asilolikopa?

Lakini hebu tuwaulize wazee wa nyanda hizi za juu. Miongoni mwa Wanandi, Wakipsigis, Wakeiyo na Watugen, marika yana majina yanayojulikana kwa wote, kama Chumo, Sawe na Kaplelach. Mtu wa rika la Sawe akihamia kwa jirani zake haambiwi aanze upya pamoja na vijana waliotahiriwa juzi. Huulizwa rika lake, akalitaja, akaketi na wenzake. Desturi hiyo imetambua kwamba umri wa mtu humfuata mwenyewe, haukai katika boma alilolihama. Na miaka ya kazi ni nini, kama si sehemu ya umri? Mhudumu aliyetumika miaka thelathini ameutoa ujana wake wote. Ndege yaweza kuuzwa, na kiwanja chaweza kuuzwa. Lakini ujana uliokwisha kutumika hauna muuzaji wala mnunuzi. Kuufuta katika orodha ni kumwambia mtu kwamba hakuishi.

Hata hivyo, lazima tuwe wakweli. Heshima ya rika haipungui kwa kugawanywa. Wazee kumi huweza kuketi penye watano. Nafasi za kazi hupungua, maana siti ya mhudumu katika ndege haikaliwi na wawili. Kwa hiyo haki haiwezi kuwa kumnyang'anya mmoja ili kumpa mwingine kwa siku moja. Naona haki ina sehemu mbili. Kwanza, miaka ya kila mtu ihesabiwe kamili, popote alipoitumikia. Pili, aliyekwisha kushika nafasi asiondolewe ghafula, bali orodha mbili zifumwe pamoja kwa muda na kwa masharti yaliyokubaliwa na pande zote.

Wahenga walisema, "Asiyekuwapo na lake halipo." Wahudumu wa TWA waliingia katika nyumba mpya bila ya sauti ya kutosha mezani. Uchungu wao haukupotea bure, kwa maana mwaka 2007 Marekani ilitunga sheria iliyopewa majina ya maseneta wawili wa jimbo la Missouri, McCaskill na Bond. Sheria hiyo yataka orodha za ukongwe ziunganishwe kwa njia ya haki na usawa, na pande zikishindwa kupatana, mwamuzi asiyeegemea upande wowote aamue. Ilikuja kuchelewa kwa walioachishwa, lakini iliwakinga waliofuata.

Nawe, msomaji, siku moja utakuwa mwajiriwa, au mwajiri, au mtu aliyeketi mezani nyumba mbili zinapofanywa moja: shule mbili, vyama viwili vya ushirika, au benki mbili. Utaletewa hesabu za majengo, magari na madeni, na zote zitakuwa zimeandikwa vizuri. Ukimaliza kuzisoma, uliza swali moja ambalo huenda halikuandikwa: miaka ya watu hawa imewekwa ukurasa gani? Ikiwa haimo, hesabu hiyo haijakamilika, nawe usiitie sahihi.