Kabla Jibu Halijafika



Kuna majuma kila mwaka ambapo nyumba nyingi huku kwetu Suam huwa na wasiwasi. Mahindi yamevunwa, mtihani umekwisha, na mtoto yuko nyumbani akingoja kujua ataitwa shule gani ya bweni. Simu ikilia, baba anageuka haraka. Mama anahesabu magunia. Mtoto naye anawatazama wote wawili. Hebu tujiulize: katika siku hizo tunangoja habari za mtoto, au tunangoja heshima yetu wenyewe?

Kungoja huku si jambo geni. Tangu mwaka 1985 hadi 2023, watoto wa darasa la nane walifanya KCPE, kisha wakangoja barua ya kidato cha kwanza. Sisi tuliofanya miaka ya tisini tulihesabiwa alama kati ya 700. Siku hizi mtoto wa Gredi ya 9 hufanya KJSEA, mtihani ulioanza mwaka 2025, na kundi la kwanza likaingia Gredi ya 10 Januari 2026. Mtihani umebadilika, lakini moyo wa mzazi ni ule ule. Bado tunakaa sokoni tukitaja St. Joseph's ya Kitale, St. Brigid's ya Kiminini, au Kamusinga na Lugulu kule Bungoma, kama watu wanaochagua ukoo wa kuoa.

Kutamani shule nzuri si kosa. Bweni humpa mtoto wa huku mpakani nafasi ya kusoma jioni bila kutumwa kuchota maji wala kuchunga ng'ombe. Kosa huanza pale mume au mke anapoifanya shule hiyo kuwa deni ambalo mtoto lazima amlipe. Na huwa kubwa zaidi pale mmoja anapoamua peke yake.

Kuna mume mmoja wa pande hizi aliyekwisha kutangaza kwa marafiki kwamba kijana wake ataitwa shule kubwa. Bila kumwambia mkewe, akauza mahindi yakiwa bado shambani, kwa bei ya chini, ili karo iwe tayari. Jibu lilipokuja, kijana alikuwa ameitwa shule ya kutwa ya karibu na nyumbani. Pesa nyingine zilikuwa zimeshatumika. Kufikia Juni ghala lilikuwa tupu, na wazazi hawakuwa wakizungumza. Lakini aliyeumia zaidi hakuwa baba wala mama. Siku moja kijana alimwambia shangazi yake, "Kama ningepita vizuri zaidi, mama asingelia." Alikuwa na miaka kumi na mitano, na alikuwa amejitwika njaa ya nyumba nzima.

Ndugu msomaji, nani alimwekea mzigo huo? Si mtihani. Mtihani ulimpangia shule tu. Waliompa mzigo ni watu wawili ambao hawakuketi pamoja wakati wa kungoja.

Wengine watasema, "Mzazi asiyehangaika hampendi mtoto wake." Ni kweli kwamba mapenzi huja na wasiwasi. Lakini tutofautishe. Wasiwasi wa mapenzi huuliza, "Mtoto atahitaji nini?" Wasiwasi wa fahari huuliza, "Watu watasema nini?" Wa kwanza hutufanya tujiandae. Wa pili hutufanya tugombane, na wengine huwasukuma hata watafute mtu wa kumpa kitu kidogo ili nafasi ipatikane. Mtoto akijua nafasi yake ilinunuliwa, amefundishwa kabla hata hajaingia darasani kwamba jitihada yake haikutosha na kwamba wazazi wake hawaamini haki.

Basi nawashauri mambo matatu, na myafanye kabla jibu halijafika, kwa sababu likishafika kila mmoja atasema kutokana na furaha au uchungu wake.

Kwanza, ketini wawili mhesabu. Magunia ya kula ni mangapi hadi mavuno yajayo? Yanayobaki yatatoa karo kiasi gani? Kumbukeni kwamba Desemba kila mtu anauza, na bei huwa chini. Kama mna watoto wawili wa kusomesha, msichana na mvulana, kubalianeni sasa kwamba hakuna atakayebaki nyumbani kwa sababu ya kuwa msichana. Uamuzi huo hufanywa vizuri zaidi kabla ya kujua nani kaitwa wapi.

Pili, ongeeni juu ya jibu msilolitaka. Fomu ya Gredi ya 10 ilimpa mtoto shule 12 za kuchagua, 9 za bweni na 3 za kutwa. Kwa hiyo hata shule ya kutwa aliiandika yeye, nanyi mkiwapo. Haiwezi kuwa chaguo siku ya kujaza fomu, halafu ikawa aibu siku ya jibu.

Tatu, mwambieni mtoto pamoja, baba na mama mkiwa chumba kimoja: "Popote utakapoitwa, tutakupeleka sisi wawili, na wewe ni mtoto wetu yule yule." Mkisema baada ya jibu kufika, atadhani mnamfariji. Mkisema kabla, ataamini.

Subira huvuta heri, lakini subira ya watu wawili wasiosemezana huvuta ugomvi. Leo jioni, baada ya chakula, zimeni redio, mtoeni mtoto katikati ya mabishano yenu, na mwanze na yale magunia.