Salamu ya Mlangoni

Nilipokuwa Ihembe, Karagwe, sikuthubutu kumpita mtu njiani bila ya salamu. Dar es Salaam, ambako mabasi ya mwendokasi yalianza mwaka 2016, asubuhi moja nilisimama kituoni katikati ya mamia ya watu, nisimwamkie hata mmoja. Mlango ulipofunguka, nilimtangulia bibi mmoja mwenye mkongojo. Mlango ukafungwa, naye akabaki nje.

Je, wingi wa watu hufuta haki ya mtu? Siamini hivyo, msomaji wangu. Kuwaamkia wote hakuwezekani. Lakini salamu, kwa asili yake, ni kukiri kwamba mwenzio yupo. Penye msongamano ulimi husamehewa, mguu hausamehewi: kumpisha mtu ndiko kumwamkia. Mimi bibi yule sikumwamkia.